Vidonge vya Baridi Yabisi: Msivizoee, Wala Msiviache Ghafla



Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya dawa ambayo wagonjwa wa baridi yabisi huipenda kuliko dawa nyingine yoyote. Sisi wauguzi nasi tunaipenda ikitumika vizuri, lakini tukimkuta mgonjwa ameizoea kwa miaka bila daktari kujua, huwa tunaingiwa na wasiwasi mkubwa. Ni vidonge vidogo, bei yake si kubwa, na katika maduka mengi ya dawa mtu huuziwa bila kuulizwa neno, ingawa ni dawa ya kutolewa kwa cheti cha daktari. Jina lake ni prednisoloni. Ndugu yake mwenye nguvu zaidi huitwa deksamethasoni. Zote ni za jamaa moja ya dawa ziitwazo steroidi. Kwenye paketi majina haya huandikwa kwa Kiingereza, lakini ukiyasoma taratibu kwa sauti utayatambua.

Hatukuja kuwatisha ili mzitupe dawa hizi chooni. La hasha! Kama mtaona baadaye, kuzitupa kunaweza kuua haraka kuliko kuzinywa. Steroidi zimeokoa watu wengi wenye pumu kali, wenye lupasi na wenye magonjwa mengine ambayo kinga ya mwili inamgeukia mwenyewe. Mwaka 2020 utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza ulionyesha kwamba deksamethasoni ilipunguza vifo vya wagonjwa wa UVIKO-19 waliohitaji oksijeni. Basi dawa si mbaya. Tunachotaka mjue ni kwamba dawa hii ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na milango yote miwili inahitaji mtu wa kukuongoza.

Si kila maumivu ya viungo ni ugonjwa mmoja

Watu wetu huita karibu kila maumivu ya viungo "baridi yabisi". Bibi wa miaka 70 ambaye magoti yanamuuma akipanda kilima, na mama wa miaka 35 ambaye vidole vya mikono yote miwili vimevimba, wote husema wana baridi yabisi, na wote hupeana vidonge. Magonjwa haya ni mbali mbali.

Kwa yule bibi, mara nyingi magoti yamechakaa tu. Gegedu, ule mto laini ulio kati ya mifupa, umelika kwa kazi ya miaka mingi. Huyo hahitaji vidonge vya steroidi. Anahitaji kupunguza uzito kama umezidi, mazoezi ya kuimarisha misuli ya mapaja, fimbo ya kutembelea, na dawa ya kutuliza maumivu kwa kiasi.

Yule mama mwenye vidole vilivyovimba ana jambo lingine. Kinga ya mwili wake, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inashambulia ngozi laini inayozunguka maungio. Dalili zake ni kwamba maungio madogo ya vidole, viganja na nyayo huvimba pande zote mbili, na asubuhi mtu huamka amekakamaa kwa saa nzima au zaidi, hata kufunga vifungo vya gauni humshinda. Ugonjwa huu huwapata wanawake mara mbili au tatu zaidi ya wanaume. Usipotibiwa hula maungio yenyewe na kupindisha vidole. Hapa ndipo prednisoloni huingia, na hapa ndipo shida yetu huanzia, kwa sababu dawa hii hufanya kazi upesi mno.

Upesi huo ulijulikana tangu mwanzo kabisa. Mwezi Septemba 1948, katika kliniki ya Mayo huko Rochester, Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimpa mama mmoja wa miaka 29, aliyekuwa hawezi kutoka kitandani ila kwa taabu, sindano za dawa mpya ambayo baadaye iliitwa kotisoni. Baada ya siku chache tu mama huyo alitembea. Dunia nzima ilishangilia. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Lakini mapema vilevile yalionekana mambo mawili ambayo hayajabadilika hadi leo: dawa ikisimama, ugonjwa hurudi, na wanaoendelea nayo kwa wingi huanza kubadilika mwili.

Ndiyo maana waganga wa siku hizi huitumia prednisoloni kama daraja. Dawa za kutuliza ugonjwa wenyewe, kama methotreksati, sulfasalazini na haidroksiklorokwini, huchukua wiki nyingi kabla hazijaanza kuonyesha nguvu. Wakati mgonjwa anazisubiri, prednisoloni kidogo humwezesha kuinuka na kulea watoto. Zile nyingine zikishika kazi, prednisoloni hupunguzwa mpaka iachwe ikiwezekana. Mwongozo wa mwaka 2021 wa chama cha madaktari wa magonjwa haya huko Marekani unasisitiza hilo: dozi ndogo kadiri inavyowezekana, kwa muda mfupi kadiri inavyowezekana. Taabu ni kwamba wagonjwa wengi huona daraja ni tamu, wakajenga nyumba juu yake.

Tezi zinazolala

Ili mwelewe sehemu inayofuata, inatupasa kueleza jambo moja la mwili. Juu ya kila figo imekaa tezi ndogo, mfano wa kofia. Tezi hizo mbili hutengeneza kila siku homoni inayoitwa kotisoli, nyingi zaidi alfajiri. Kotisoli husaidia kushikilia presha ya damu na sukari, na hutupa nguvu ya kuvumilia ugonjwa, jeraha, upasuaji au mshtuko. Bila kotisoli mtu hawezi kuishi.

Prednisoloni ni kama kotisoli inayoletwa kutoka nje. Kiasi cha miligramu 5 hivi, yaani kidonge kimoja cha kawaida, ni karibu sawa na kazi ya tezi zako kwa siku nzima. Sasa fikiri: ukimletea mpishi chakula kilichokwisha kupikwa kila siku, miezi na miezi, atawasha moto wa nini? Ataketi. Na tezi nazo huketi. Zaidi ya wiki tatu hivi za vidonge zatosha kuanza kuzilaza, na baada ya miaka huwa zimesinyaa. Kuziamsha ni kazi ya miezi, wakati mwingine mwaka.

Yanayoonekana na yasiyoonekana

Madhara ya steroidi za muda mrefu ni mengi, nasi hatutayaorodhesha yote. Yale yanayoonekana kwa macho huanza na uso. Uso huwa wa mviringo, mashavu hujaa, nyuma ya shingo huota nundu ya mafuta, tumbo hutoka, huku mikono na miguu ikibaki myembamba. Ngozi huwa nyepesi, ukijigonga kidogo unapata alama ya damu, na michirizi myekundu au ya rangi ya zambarau hutokea tumboni na mapajani. Njaa huwa kali.

Cha ajabu, katika vijiji vyetu mabadiliko hayo husifiwa! "Mama fulani amenawiri, baridi yabisi imempenda." Jirani naye huomba aelekezwe duka. Huko Kinshasa, na hata huku kwetu, wapo wasichana wanaomeza deksamethasoni kwa makusudi ili wanenepe. Mabinti zetu wajue kwamba unene huo si afya. Ni maji na mafuta yaliyohamishwa, wakati misuli na mifupa inaliwa ndani kwa ndani.

Mifupa ndiyo inayotusikitisha zaidi, kwa sababu haitoi taarifa. Katika miezi mitatu hadi sita ya kwanza ndipo mfupa hupungua kwa kasi kubwa, na wanawake waliokwisha kukoma hedhi ndio walio hatarini zaidi. Mama huinama kuinua ndoo ya maji, husikia "kach" mgongoni, na kuanzia siku hiyo hana raha. Pingili ya mgongo imebonyea. Wengine hupungua hata kimo, wakafikiri ni uzee. Kuna tatizo lingine la nyonga, ambapo kichwa cha mfupa wa paja hukosa damu na kufa. Mgonjwa huanza kuchechemea na kusikia maumivu kwenye kinena, naye kwa kuamini baridi yabisi imerudi huongeza vidonge vilevile vilivyomletea shida.

Sukari nayo hupanda. Hapa tunawaomba mzingatie jambo ambalo hata baadhi ya wahudumu hulisahau: mtu anayemeza prednisoloni asubuhi, sukari yake hupanda zaidi mchana na jioni. Akipimwa alfajiri kabla ya kula, anaweza kuonekana hana neno. Basi ukienda kupima, sema unatumia dawa gani, na uombe upimwe pia saa mbili baada ya chakula cha mchana. Presha hupanda vilevile, na macho hupata mtoto wa jicho mapema kuliko umri, au presha ya macho ambayo huiba uwezo wa kuona bila maumivu yoyote. Anayetumia dawa hizi kwa muda mrefu apimwe macho kila mwaka.

Tumbo pia lisisahauliwe. Prednisoloni peke yake haileti vidonda kwa wepesi kama watu wanavyodhani, lakini ikichanganywa na diklofenaki au aibuprofeni, kama ambavyo wagonjwa wetu hupenda kufanya, hatari huongezeka sana. Choo cheusi kama lami ni damu inayotoka tumboni. Usingoje kesho.

Halafu kuna akili. Hili familia nyingi hazilijui. Wapo wagonjwa ambao wakipewa dozi kubwa hawalali, huongea mno, hupanga mambo makubwa usiku wa manane. Wengine hulia bila sababu, au husikia sauti. Tumeona mgonjwa akipelekwa huku na kule kutafutiwa aliyemroga, kumbe ni dawa iliyopandishwa wiki iliyotangulia. Ndugu wakieleza mapema kwamba tabia imebadilika tangu dozi ibadilike, daktari hushusha dozi kwa utaratibu na akili hurudi.

Maradhi yanayojificha

Steroidi hutuliza baridi yabisi kwa kuipunguza nguvu kinga ya mwili. Lakini kinga hiyohiyo ndiyo inayofungia kifua kikuu kilicholala mapafuni mwa watu wengi wa nchi zetu. Mlinzi akileweshwa, mfungwa hutoroka. Mtumiaji wa prednisoloni akikohoa wiki mbili, akitoka jasho la usiku au akikonda, apimwe makohozi. Asingoje homa kali, maana steroidi hushusha homa na kuficha ugonjwa. Mtu anaweza kuwa na usaha tumboni huku kipimajoto kikionyesha hali ya kawaida. Mkanda wa jeshi na utando mweupe mdomoni huwapata mara kwa mara zaidi. Ndiyo sababu pia kabla ya kuanza matibabu ya muda mrefu ni vizuri kupima virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

Kuna na mnyoo mmoja ambaye wakulima wetu wanapaswa kumjua. Huitwa strongiloidesi. Huingia kwa kutoboa ngozi ya nyayo za wanaotembea pekupeku kwenye udongo wenye unyevu, na tofauti na minyoo mingine, huweza kuzaliana ndani ya mtu huyohuyo kwa miaka kumi, ishirini na zaidi, bila kumsumbua sana. Mtu huyo akianza steroidi, mnyoo huongezeka kwa maelfu, huenea mapafuni na mwili mzima, na mgonjwa anaweza kufa. Kidonge kimoja cha albendazoli, kama kile wanachopewa watoto shuleni, hakimtoshi. Dawa yake bora ni ivamektini. Mwambie daktari kama wewe ni mtu wa shamba na unatembea bila viatu, ili aamue kukupima au kukutibu kabla.

Kuacha ghafla

Sasa tumefika mahali ambapo maisha hupotea.

Mama mmoja, mkulima, mwenye miaka hamsini na kitu, alipewa prednisoloni ya mwezi mmoja. Aliporudi shambani akiwa amepona, aliona safari ya kliniki ni ndefu na nauli ni pesa. Akawa anamtuma kijana dukani na kipande cha karatasi kilekile. Ikapita miaka miwili. Kisha ukatokea msiba mkoa wa mbali, akasafiri, akakaa matanga siku sita, vidonge amevisahau nyumbani. Siku ya nne alianza kulegea. Siku ya tano akatapika, tumbo likamuuma, akisimama kizunguzungu. Watu wakasema ni uchovu wa msiba. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, akapewa dawa ya malaria hata hivyo. Alifikishwa hospitalini akiwa hajitambui, presha iko chini kabisa, sukari imeshuka. Kilichomwokoa ni binti yake, aliyekumbuka kusema, "Huwa anakunywa vidonge vidogo vya viungo kila asubuhi." Neno hilo moja lilitosha. Alichomwa haidrokotisoni kwenye mshipa, akawekewa dripu ya maji ya chumvi na sukari, na kesho yake aliomba uji.

Tezi zake zilikuwa zimelala, vidonge vikakatika, na mwilini mwake hapakuwa tena na kotisoli ya kutosha. Mshike dalili hizo: kulegea kupita kiasi, kizunguzungu akisimama, kichefuchefu na kutapika, maumivu ya tumbo, mwishoni kuzimia. Zinafanana na malaria na zinafanana na sumu ya chakula. Tofauti ni historia ya vidonge.

Watu huacha kwa sababu nyingi. Pesa zimekwisha. Duka limeishiwa. Jirani amesoma kwamba dawa ni mbaya, naye amesema kweli nusu. Wengine wameombewa, wakajisikia vizuri, wakaona kuendelea na dawa ni kukosa imani. Kuombewa ni jambo jema nasi tunawaombea wagonjwa wetu kila siku, lakini vidonge hivi vishuke ngazi kwa ngazi. Na mwingine huacha kwa sababu mtumishi wa duka amekosa prednisoloni akampa deksamethasoni akisema ni zilezile. Si zilezile! Kidonge cha deksamethasoni cha nusu miligramu kina nguvu ya karibu miligramu 3 za prednisoloni, lakini cha miligramu 4 kinazidi miligramu 25. Ukibadilisha kidonge kwa kidonge, ama unapungukiwa ama unajizidishia mara tano.

Namna ya kushuka hupangwa na daktari kwa kila mtu. Kwa kawaida dozi kubwa huweza kupunguzwa kwa hatua kubwa mwanzoni, lakini ikikaribia miligramu 5 mwendo huwa wa pole sana, pengine miligramu moja kwa mwezi. Katika kushuka, mwili huuma na uchovu huwepo siku chache kila hatua. Wengi hukata tamaa hapo na kupanda tena juu wao wenyewe. Rudini kliniki mkaeleze. Mara nyingine ni mwili unaozoea, mara nyingine ni ugonjwa unaorudi, na dawa ya kila kimoja ni tofauti.

Jambo lingine la hatari ni kuugua kitu kingine. Mtu mzima wa kawaida akipata homa kali au akipasuliwa, tezi zake huongeza kotisoli mara kadhaa. Aliyelaza tezi hawezi. Basi siku za homa kali huhitaji dozi kuongezwa, mara nyingi maradufu kwa siku chache, kwa maelekezo mliyopewa kliniki. Na kama anatapika hata vidonge havikai, hiyo si ya kungoja: apelekwe hospitali achomwe sindano. Kabla ya upasuaji wowote, hata wa kung'oa meno mengi, mwambieni mtoa dawa ya usingizi. Hili linahusu hata mtu aliyeacha vidonge miezi michache iliyopita.

Dawa za "asili" zenye siri

Tunajua wengi wamechoka na hospitali wakageukia vidonge vya mitishamba vinavyouzwa stendi, minadani na kwenye simu. Tahadhari. Mwaka 2022 idara ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kuhusu bidhaa ziitwazo Artri King zilizouzwa kama virutubisho vya viungo. Zilipopimwa zilikutwa na deksamethasoni na diklofenaki ambazo hazikuandikwa kwenye chupa. Watumiaji walipata madhara makubwa, wengine walipoacha ghafla. Kama "mti shamba" umekuondolea maumivu ya miaka mitano kwa siku mbili na uso unaanza kujaa, shuku. Usiutupe siku hiyohiyo. Uchukue na chupa yake uende nao hospitali. Mafuta ya mkorogo wa kujichubua nayo mara nyingi yana steroidi kali kama klobetasoli, na yakipakwa mwili mzima kwa muda mrefu huingia damuni na kulaza tezi vilevile.

Nyumbani

Vidonge vinywewe asubuhi, mara moja, pamoja na chakula. Asubuhi ndipo mwili wenyewe hutoa kotisoli yake, na ukinywa jioni hutalala. Wakati wa mfungo, mgonjwa ale kifungua kinywa chake na vidonge vyake bila kuona haya. Kanisa halikumfunga mgonjwa. Chumvi ipunguzwe, soda na chai ya sukari nyingi ziachwe. Kwa ajili ya mifupa, dagaa wanaoliwa na mifupa yao na maziwa ni chakula kizuri na hakihitaji kwenda mjini. Kutembea kila siku kunasaidia mifupa na misuli. Muulizeni daktari kuhusu vidonge vya kalsiamu na vitamini D, na kwa aliye hatarini zaidi, dawa ya kuimarisha mifupa.

Mama mjamzito asiache prednisoloni kwa hofu. Kondo la nyuma huvunja sehemu kubwa yake, na mtoto hupata kidogo. Inayokatazwa kabisa katika ujauzito ni methotreksati, na anayepanga kushika mimba aseme mapema. Na kwa kuwa tumeitaja tena methotreksati: hiyo hunywewa mara moja kwa wiki, si kila siku. Chagueni siku moja, kwa mfano Jumatano, muiandike kwa kalamu nene kwenye paketi.

Watoto wanaotumia steroidi wapimwe kimo kila kliniki, maana dawa huchelewesha kukua. Wao na watu wazima walio kwenye dozi kubwa wasipewe chanjo za vijidudu hai, kama ya surua au ya homa ya manjano, kabla daktari hajaulizwa.

Mwisho, karatasi moja ndogo. Chukueni kipande cha kadi ngumu, andikeni jina la mgonjwa, neno "Natumia prednisoloni", miligramu ngapi, tangu mwezi na mwaka gani, na "Isikatizwe ghafla". Kiwekwe kwenye mfuko wa plastiki ndani ya pochi au kifungwe kwenye pindo la kanga, na kingine kibandikwe kwenye daftari la kliniki. Anayesafiri abebe vidonge vya siku za safari na vya wiki moja zaidi. Na nyumbani awepo mtu mwingine, hata mtoto wa darasa la tano, anayejua jina la dawa na mahali inapowekwa.

Ambaye amekuwa akinunua mwenyewe dukani kwa miezi au miaka, aje kliniki akiwa na paketi yake mkononi, na aendelee kunywa kama alivyozoea mpaka aonane na daktari. Hatutamgombeza. Tutampima presha, sukari na uzito, tutamuuliza juu ya kikohozi na macho, kisha daktari ataanza naye kazi ya kushuka.